Wenzako Darasani Wanakuvuruga? Utatuzi wa Matatizo kwa Mwanafunzi wa Uuguzi

Malalamiko ya wanafunzi wa uuguzi kuhusu wenzao hayana mengi mapya. Niliyasikia nikiwa mwanafunzi, nikayasikia tena nilipoanza kusimamia wanafunzi wodini, na yanajirudia kiasi kwamba mtu akianza tu, "Sista, kuna mwenzetu mmoja...", nakaribia kummalizia. Nimeyapanga hapa kama tunavyopanga shida za mgonjwa: dalili kwanza, kisha vyanzo kuanzia kinachoonekana mara nyingi hadi cha nadra, kisha la kufanya, jepesi likitangulia zito.

Swali moja litangulie yote: vurugu hii inamfikia nani? Ikiwa inaishia kwako na inakukera tu, hama kiti au meza mate. Ikiwa inagusa masomo yako, kuna hatua za kufuata, na haraka haina baraka. Ikiwa inaweza kumgusa mgonjwa, hakuna hatua za kupanda kama ngazi. Unaisimamisha hapo hapo. Watu wengi hukosea hapa. Hugombana na anayetafuna bablishi kwa kelele, halafu humnyamazia anayebuni namba kwenye chati.

Kabla hujamgusa mtu

Andika. Siku kumi za masomo, mistari miwili kwa siku, kama unavyoandika kwenye faili la mgonjwa: ulichoona, ulichosikia, saa ngapi. "Anaringa" si kitu ulichoona, ni hukumu. "Nilipojibu swali alicheka na kumgonga jirani yake kiwiko, Jumatatu na Alhamisi" hicho umekiona. Baada ya siku kumi utakuta mambo mawili: baadhi ya mambo uliyoyaona makubwa yalitokea mara moja tu, na kuna dogo moja linalotokea kila siku saa ile ile. La pili ndilo la kushughulikia.

Jipime na wewe pia. Ukitoka zamu ya usiku hujalala, hata mtu anayefungua zipu ya begi anaonekana adui. Lala, kula, kisha uangalie kama dalili bado ipo.

Dalili ya 1: Soga za nyuma zinakufanya usimsikie mkufunzi

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kiti. Ukumbini, safu za nyuma huvuta waliochoka na wasiotaka kuulizwa, na wewe uliyechelewa umejikuta katikati yao. Jaribu wiki moja mbele, upande ambao mkufunzi husimama zaidi. Usidharau hili. Utafiti mmoja uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 uliwakalisha baadhi ya wanafunzi mahali ambapo waliona kompyuta za wenzao zikirandaranda kwenye mambo mengine; hao waliokuwa wakitazama tu, bila kucheza wenyewe, walipata alama pungufu kwa asilimia 17 kwenye jaribio la somo kuliko wasioziona. Kiti kinalipa.

Chanzo cha pili hukisikii mpaka utege sikio: somo limewaacha. Nusu ya minong'ono ninayoisikia darasani ni mtu anamuuliza jirani, "Amesema ngapi?" Hili kwenye hesabu za dawa ni hatari yenyewe. Nakumbuka mkufunzi akisema lita moja ya maji ya mshipa, mpira wa matone 20 kwa mililita, iingie kwa muda wa saa nane. Safu yetu ilikuwa inazozana kuhusu kiti kilichovunjika. Watatu tuliandika "nne". Kwa saa nane jibu ni matone 42 kwa dakika. Kwa saa nne ni 83, yaani maji yale yale yanamwingia mtu kwa kasi maradufu. Kwa mgonjwa mwenye moyo dhaifu, hilo si kosa la daftari.

Dawa yake ni nyepesi: nyoosha mkono, "Samahani mwalimu, naomba urudie namba na uiandike ubaoni." Utashangaa safu nzima inavyonyamaza, maana nao walikuwa wanaitafuta.

Chanzo cha tatu ni mkufunzi anayesoma slaidi neno kwa neno. Hapo hakuna wa kumlaumu nyuma yako. Omba slaidi mapema, usome kabla, na muda wa kipindi utumie kusaka yale yasiyoandikwa. Cha nne, cha nadra, ni mtu mmoja mwenye wafuasi, ambaye akiwa hayupo darasa linatulia lenyewe. Daftari lako la siku kumi litakuwa limekuonyesha siku alizokosekana.

Ukihitaji kusema, geuka, tazama mtu mmoja, sauti ya chini: "Jamani, hapa nakosa anachosema. Tumalizie nje." Usipige "shhh!" Shhh ni kama kumwagia petroli. Isiposaidia mara mbili, mwone kiongozi wa darasa. Baada ya hapo mwone mkufunzi, baada ya kipindi, nawe umwombe kitu anachoweza kukifanya ("kuna kelele upande wa kulia nyuma, tunakosa namba") badala ya kumpelekea jina la mtu.

Dalili ya 2: Mjuaji anakula kipindi

Kila swali analijibu yeye, na kila jibu lina hadithi ya "pale nilipokuwa nafanya kazi". Mara nyingi ni kweli amefanya kazi: mhudumu wa wodi aliyerudi shule, anaona aibu kukaa na watoto waliomaliza sekondari juzi, na uzoefu ndio heshima aliyobaki nayo. Mara chache ni woga uliovaa koti la kujiamini.

Mwache. Kwa kweli mwache, mkufunzi anamwona. Faida unayoweza kuipata ni kumtafuta nje ya kipindi na kumuuliza mambo ambayo vitabu havisemi, kama vile namna ya kumgeuza mgonjwa mzito ukiwa na mwenzako mmoja tu. Akiulizwa vizuri, huwa anapunguza kujitangaza darasani.

Jambo moja tu usimwachie: anapowafundisha wenzake njia za mkato za wodini. Mtihani wa vitendo unapimwa kwa orodha ya hatua, na asiyetaja kuwa ananawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa anapoteza alama hata kama ana miaka kumi wodini. "Kaka, tufuate orodha ya chuo, hiyo nyingine tutaiona huko huko" inatosha.

Dalili ya 3: Kazi ya kikundi inafanywa na wawili, majina yako sita

Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann aliwapima watu wakivuta kamba, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913: kadiri wavutaji walivyoongezeka, kila mmoja alivuta kidogo kuliko alivyovuta akiwa peke yake. Wakifika wanane, kila mtu alitoa kama nusu tu ya nguvu zake. Kwa hiyo kabla hujasema kizazi hiki kivivu, jua kutegea kuna umri.

Chanzo cha kwanza, na kiko mbali na vingine vyote: kazi haikugawanywa. "Tutasaidiana" si mgawanyo. Uchambuzi wa mgonjwa mwenye kisukari una sehemu zinazokatika vizuri: historia, uchunguzi wa mwili, dawa na madhara yake, mpango wa huduma ya uuguzi, elimu kwa mgonjwa na familia. Kila sehemu jina moja, na tarehe. Tarehe ya kikundi iwe siku tatu kabla ya tarehe ya chuo. Asiyeleta, mnajua siku tatu mapema badala ya saa sita usiku.

Chanzo cha pili: hawezi, na anaona haya kusema. Nilikuwa na mwenzangu kwenye kikundi aliyepotea kila tulipopanga kukutana. Simu haipokelewi, ujumbe una tiki mbili za buluu, kimya. Tulishaandika barua ya kumtoa. Siku moja nilimkuta maktaba, mbele yake ukurasa umeandikwa "Utambuzi wa shida za kiuguzi:" na chini yake hakuna kitu. Nukta mbili na weupe. Alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi. Hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba utambuzi wa kiuguzi si jina la ugonjwa, bali ni shida anayoipata mgonjwa ambayo muuguzi anaweza kuishughulikia. Yeye alikuwa anaandika "kisukari", anarudishiwa na mstari mwekundu, anaandika tena. Tulikaa dakika arobaini. Sehemu yake aliileta siku ya pili, na haikuwa mbaya.

Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza kwa mtegeaji ni kumwambia, "Nionyeshe ulipofika, hata kama ni mstari mmoja." Asiyeweza atakuonyesha ukurasa mtupu. Mvivu atakupa hadithi.

Chanzo cha tatu ni maisha: anafanya kazi usiku, ananyonyesha, anauguza mzazi. Mpe sehemu inayofanyika kwa simu na isiyohitaji vikao, kama kupanga marejeo au kusahihisha maandishi. Cha mwisho ndicho uvivu mtupu. Huyo yupo, ila ni wachache kuliko tunavyodhani, na dawa yake ni moja: asipoleta, jina lake halikai kwenye sehemu hiyo, na analijua hilo tangu siku ya mgawanyo. Usimfanyie. Ukimfanyia mara moja, umesaini mkataba wa muhula mzima.

Simama na umwone mkufunzi iwapo mtu ameleta kazi iliyonakiliwa kutoka kwa kikundi kingine au mwaka uliopita. Hapo hata ninyi mliofanya mnaingia hatiani, na kujitetea baada ya kukamatwa hakuna nguvu ya kusema mapema.

Dalili ya 4: Chumba cha mazoezi ya vitendo, wewe hufiki kwenye sanamu ya mgonjwa

Wawili wameshika mkono wa mazoezi saa nzima, wengine mnatazama migongo yao. Chanzo kikuu ni idadi: sanamu moja, wanafunzi kumi na watano. Kinachofuata ni kwamba hakuna anayeangalia saa. Pendekeza zamu za dakika saba. Mmoja anafanya, mmoja anasoma orodha ya hatua kwa sauti, mmoja anahesabu muda. Anayesoma orodha anajifunza karibu sawa na anayefanya, na mgombea wa kushika sanamu hapati mahali pa kukaa nayo. Ukikosa kabisa, uliza kama chumba hufunguliwa baada ya vipindi. Vyumba vingi hufunguliwa kwa anayeomba, na waombaji ni wachache.

Sasa upande mwingine: utani. Kumvika sanamu miwani, sawa. Kurushiana sirinji zenye sindano, kuzifunika kwa mikono miwili ili kuona nani ana shabaha, au kujaribiana mshipa bila msimamizi, hapo siandiki vyanzo kuanzia cha kawaida hadi cha nadra.

*Simamisha.* Sema kwa sauti, "Weka chini," na umwite msimamizi. Aliyechomwa na sindano iliyokwisha kutumika kwa mtu aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, asikiminye wala kukinyonya, na atoe taarifa dakika hiyo hiyo. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, na mwisho ni saa 72. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kufokewa. Kufokewa kunaisha jioni.

Dalili ya 5: Kundi la WhatsApp halilali

Chanzo cha kawaida: kundi moja linabeba matangazo, maswali ya masomo, vichekesho na umbea. Gawanya. Liwe la matangazo ambalo viongozi pekee huandika, na jingine la kupiga soga ambalo asiyetaka hajiungi. Wewe zima sauti ya la pili, soma mara mbili kwa siku. Usijibu kitu chochote baada ya saa nne usiku. Sijawahi kuona ugomvi wa kundi uliotatuliwa saa sita ya usiku, nimeona mingi ikizaliwa.

Chanzo cha pili ni hofu ya mitihani: mmoja anaandika "nimesikia kwenye mtihani wanatoa mada yote ya figo", na wanafunzi themanini hawalali. Kipimo ni rahisi: muulize amesikia kwa nani. Kwa kawaida uzi unaishia kwa mtu ambaye naye "alisikia".

Hatari ni mbili. Ya kwanza, karatasi ya mtihani inayodaiwa kuvuja. Usifungue, usisambaze, usiseme "nitumie nami nione kama ni kweli". Toka kwenye mazungumzo hayo. Ya pili, picha ya mgonjwa: kidonda, eksirei yenye jina, uso uliofunikwa nusu, hata kitambulisho cha kitandani kwa mbali. "Ni ya kujifunzia tu" haiifanyi iwe yako. Kanuni za maadili za Baraza la Kimataifa la Wauguzi, zilizopitishwa mara ya kwanza mwaka 1953 na kuhuishwa 2021, zinamtaka muuguzi kutunza siri za anayemhudumia, na mwanafunzi anaanza kubanwa nazo siku anapoingia wodini. Mwandikie aliyeituma, pembeni: "Ifute sasa hivi, kwa wote, kabla haijasambaa." Asipofuta, mkufunzi ajue siku hiyo hiyo. Huku si kumchongea.

Dalili ya 6: Wodini, mwenzako anakuachia kazi au anaharibu

Hii ndiyo dalili yenye uzito, na nitakaa nayo.

Anapotea mnapofika kwenye kazi chafu. Vyanzo, kwa mpangilio: hajui aanzie wapi na anajificha chooni au stoo ya mashuka, anaogopa damu, harufu au kifo na hajamwambia mtu, amejipangia kufuata mambo ya kuvutia tu, anakimbilia kila mahali penye daktari. Kwa wa kwanza, mgawane vitanda kabla ya zamu kuanza: wewe moja hadi sita, yeye saba hadi kumi na mbili, na inchaji (muuguzi msimamizi wa wodi) aujue mgawanyo. Kwa wa pili, mpe nafasi ya kufanya nawe, si badala yako: "Njoo ushike bakuli, mimi nitasafisha." Wa tatu, mwache inchaji amwone mwenyewe. Vitanda vyake vitamsemea.

Anakudhalilisha mbele ya mgonjwa. "Huyu hajui hata kupima presha." Usijibu kitandani, mgonjwa si mwamuzi wenu. Maliza unachofanya, kisha nje ya pazia umwambie vitu vitatu bila kupamba: alichosema, kilichotokea, unachotaka. "Umesema sijui kupima presha mbele ya mama yule. Akavuta mkono wake. Ukiona nakosea, niite pembeni." Ni sentensi fupi na zinatosha. Akikanusha, usibishane. Andika kwenye daftari lako.

Anapika vipimo. Asubuhi moja nilipokea karatasi ya vipimo vya wodi nzima, wagonjwa kumi na wawili. Joto tofauti tofauti, presha tofauti tofauti, na kwenye safu ya upumuaji: 20, 20, 20, mpaka chini. Wino mmoja, mteremko mmoja, hata mkia wa 2 ulikuwa umekimbizwa. Kitanda cha saba alikuwa mzee amekaa kitako, mikono imeegemea magoti, na mabega yanapanda na kushuka. Nilimhesabia dakika nzima kwa saa ya ukutani: 34. Aliyeandika ile 20 hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechelewa, na mwenzake alimnong'oneza kwamba upumuaji "hakuna anayeuangalia".

Kumbe ndio unaowahi kusema kuliko vyote. Kwenye NEWS2, mfumo wa alama za kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, unaotumika Uingereza tangu mwaka 2017, kupumua mara 25 au zaidi kwa dakika kunapewa alama 3 peke yake, alama za juu kabisa kwa kipimo kimoja, na zinatosha kumfanya muuguzi aombe mgonjwa atazamwe haraka.

Kwa nini wanafunzi hupika? Kwanza, muda: vitanda vingi, mashine moja ya presha. Pili, hakufundishwa kuhesabu huku mgonjwa hajui (acha vidole kwenye kifundo cha mkono kana kwamba bado unapima mapigo, macho kifuani). Tatu, ameona wakubwa wakifanya hivyo. Nne, hajali. Lakini wakati huo chanzo hakikuhusu bado. Kinachokuhusu ni mgonjwa. Kapime tena wewe, au mwambie mwenzako mpime pamoja, na namba sahihi imfikie muuguzi wa zamu. Chanzo mtakizungumza baada ya hapo.

Mkiwa mnakaribia kosa lenyewe, kwa mfano anataka kumpa dawa mgonjwa bila kusoma jina mkononi, tumia maneno yanayopanda. "Nina wasiwasi, hatujaangalia jina." Akiendelea: "Hapa sipo tayari kuendelea." Akiendelea bado: "Hili ni suala la usalama wa mgonjwa. Simama." Mpangilio huu hufundishwa kwenye mafunzo ya kazi za timu hospitalini, na uzuri wake ni kwamba hauhitaji uwe na cheo. Hauhitaji hata uwe na uhakika. Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi: likikosekana moja, dawa inarudi trei.

*Acha kutatua mwenyewe na umwite muuguzi wa zamu mara moja:* dawa imetolewa kimakosa, kipimo kimebuniwa, mwenzako amelewa au anasinzia akiwa na mgonjwa, mgonjwa amefokewa, amepigwa au ameachwa bila kufunikwa, dawa zimepotea. Kiongozi wa darasa si mtu wa mambo haya. Kundi la WhatsApp ndiyo kabisa.

Dalili ya 7: Wanakulenga wewe

Wanaigiza lafudhi yako. Ukikaa, wanahama. Unaambiwa kikao ni saa nane, ukifika kimeshaisha.

Chanzo cha kwanza, cha ajabu, ni kutojua: kikundi kimezoea utani wa kukwaruzana na kinadhani wewe umo. Kipimo: mwambie mmoja wao, yule mpole zaidi, mkiwa wawili tu, "Ule utani wa lafudhi siupendi. Naomba tuuache." Asiyejua huona haya na huacha. Chanzo cha pili ni ushindani wa alama au nafasi za wodi. Cha tatu ni mtu mmoja anayehitaji wa kukanyaga, na wengine hucheka ili wasiwe wao. Akiendelea baada ya kuambiwa waziwazi, hana tena kisingizio cha utani, na unaandika: tarehe, maneno yenyewe, nani alikuwepo.

Tarehe tatu za namna hiyo zinatosha kwenda kwa mshauri wa wanafunzi. Nenda na karatasi, usiende na machozi tu. Machozi yanaruhusiwa, ila karatasi ndiyo inayobaki ofisini ukishatoka. Karatasi nzuri huwa hivi: *"Tarehe 4, saa 3 asubuhi, maabara. Aliniita 'mshamba wa sindano' mbele ya wanafunzi wanane. Nilimwomba aache. Tarehe 6 alirudia, wodini, mgonjwa akisikia. Naomba tusipangwe zamu moja wakati suala linaangaliwa."* Ombi liwepo. Taarifa isiyo na ombi huishia kwenye droo.

Usisubiri tarehe tatu ikiwa umetishiwa, umeguswa usivyotaka, umeombwa rushwa ya ngono, au picha zako zinasambazwa. Siku hiyo hiyo, kwa uongozi wa chuo, na mtu unayemwamini akusindikize. Kama ofisi ya kwanza inakwambia uvumilie, nenda ya pili. Polisi nao wapo. Na ukijikuta hulali, huli, unatetemeka ukiona lango la chuo, au umeanza kufikiri ni heri usingekuwepo, weka mwongozo huu kando na umwone mhudumu wa afya ya akili leo. Wauguzi wanafunzi huwa wa mwisho kujihesabu wagonjwa.

Dalili ya 8: Kila kundi unaloingia lina mvurugaji

Fupi hii. Umebadilishiwa kikundi mara tatu, na mara zote umekuta mtu asiyevumilika. Inawezekana una bahati mbaya. Muulize mtu mmoja asiyekuogopa: "Kuna kitu nafanya kinachowakera?" Halafu funga mdomo mpaka amalize.

Mimi niliuliza mwaka wa pili, baada ya wiki nzima ya kulalamikia mwenzangu anayehema kwa nguvu wakati wa mitihani. Rafiki yangu alinitazama, akanyoosha mkono, akachukua kalamu yangu mezani, ile ya kubonyeza, akaibonyeza karibu na sikio langu: ta-ta, ta-ta, ta-ta. "Muhula mzima," akasema. Tangu hapo natumia ya kofia.